Ugonile

Juzi tulikuwa Tukuyu kwa mama. Asubuhi, ukungu bado umeimeza migomba, binti yangu akaja kunivuta shuka.

"Baba, kwa nini bibi ananiuliza kama nimelala? Si tumelala naye kitanda kimoja?"

Nikamwambia ndiyo salamu yetu. Ugonile, umelala? Wewe unaitikia tu, ndaga. Yeye kakulia Mbeya mjini, Kinyakyusa chake ni cha likizo. Akaridhika, akakimbilia jikoni. Mimi nikabaki nimekaa kitandani, maana kuna siku niliulizwa swali hilo nikashindwa kuitikia.

Ni Desemba 2016, Oulu, kaskazini mwa Ufini, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Baridi ya kule na baiskeli kwenye theluji nimeshavisimulia sana. Hili sijawahi.

Mwezi ule jua la Oulu huchomoza kwenye saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana limeshazama. Tukuyu ilikuwa mbele yangu kwa saa moja tu. Mama akiwasha moto wa chai, nami ilikuwa asubuhi yangu, ila ya kwangu ilikuwa nyeusi tii.

Sikujua kwamba naumwa. Nilidhani ni uchovu, baadaye nikadhani ni uvivu, nikaanza kujichukia. Mchana nalala, usiku nakodoa macho. Niliacha vipindi, nikaacha kujibu ujumbe, mwishowe hata kuoga. Tuliochangia nao jiko walikuwa watu wema, lakini kule mtu hagongi mlango wa mwenzake bila sababu. Nilikotoka, mlango ukifungwa siku mbili, jirani anausukuma. Nadhani siku zile zote nilikuwa nasubiri mtu ausukume.

Siku ya nne bila kutoka chumbani, simu ikaita. Kwangu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Mama alikuwa ameazima simu ya mdogo wangu, maana ya kwake ni kitochi.

"Ugonile?"

Jibu lake hutoka lenyewe, hata mtu akiwa na homa. Siku ile likanikwama kooni.

"Hapana, mama. Sijalala."

Akanyamaza. Nikasikia mvua ikipiga bati la jikoni, ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote. Nilijua ataniuliza kwa nini, nami sikuwa na la kumwambia. Hakuuliza.

"Basi usikate," akasema.

Simu ikawekwa mahali, nahisi juu ya kigoda, kwa sababu sauti zote zilianza kutokea chini. Kuni zikavunjwa. Akapuliza moto, akakohoa moshi, akapuliza tena. Halafu kisu. Ganda la ndizi mbichi hulia linapobanduliwa, mlio mdogo sana, sikujua kama niliwahi kuusikia mpaka asubuhi ile. Kila ndizi iliyomenywa inatumbukizwa kwenye sufuria ya maji, tubwi. Nikaanza kuhesabu. Akafukuza kuku. Mtu akapita njiani, wakasalimiana kwa sauti kubwa, na yule akaitikia. Mimi mama hakunisemesha. Mara moja tu, bila hata kusogea karibu na simu, aliuliza, "Upo?"

"Nipo."

"Haya."

Akaendelea kumenya. Nilihesabu ndizi kumi na saba. Ya kumi na nane siikumbuki.

Nilipoamka simu ilikuwa imekatika, kifurushi cha mdogo wangu kimekwisha, na dirishani umeshaingia ule mwanga wa rangi ya majivu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kwa muuguzi wa wanafunzi. Aliniuliza maswali mengi, akaandika neno lao, masennus. Nilipolitafuta kwa Kiswahili nikakuta sonona, neno ambalo sikuwahi kumsikia mtu wa kwetu akilitumia kwa mtu anayemfahamu. Kwetu husemwa ana mawazo, au amelogwa. Nikapewa taa ya mwanga mkali, laksi 10,000, ya kukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, na mtu wa kuzungumza naye. Ilichukua hadi Aprili. Zipo siku za Februari ambazo hadi leo sipendi kuzigusa. Kwa hiyo sisemi kwamba mama aliniponya kwa ndizi, na mtu aliyeko kwenye giza lile leo ningemsihi amtafute daktari au muuguzi, asingoje. Ila miguu iliyonifikisha kwa yule muuguzi, sijui ningeitoa wapi.

Mama sijamwambia jina la ugonjwa ule. Nimejaribu mara mbili. Kinyakyusa changu kinaishia kwenye moyo uliochoka, naye anatikisa kichwa kama mtu anayejua sehemu iliyobaki. Labda anaijua. Labda ananionea huruma nisiendelee kuhangaika na maneno.

Nilipotoka nje juzi, alikuwa jikoni na mjukuu wake, beseni la ndizi katikati yao. Akainua macho, akaniona nimesimama mlangoni.

"Ugonile?"

Nikaitikia, nikavuta kigoda, nikaomba kisu.