Marejeo yaliyorudishwa mara mbili

Tasnifu yangu ya uzamili ilirudishwa mara mbili kwa ajili ya marejeo peke yake. Sura zote tano hazikuguswa. Wino mwekundu ulijaa kurasa za mwisho. Safari ya tatu imepita, nami nimefurahi mno, ila ushauri niliopewa mwanzo bado unaniudhi: "Wewe andika tu, marejeo utayapanga mwishoni." Mwishoni unakuta nukuu unayo, ukurasa huna, na kitabu umeshakirudisha maktaba.

Ushauri mwingine ulikuwa niige tasnifu za waliotangulia. Chuo kinataka marejeo kwa mtindo wa APA, wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7, lililotoka 2019, na nyingi kati ya zile nilizoiga zilifuata toleo la 6. La 6 huweka mji wa uchapishaji, "Dar es Salaam", kabla ya mchapishaji. La 7 limeuondoa. La 6 hutaja waandishi watatu hadi watano wote mara ya kwanza. La 7 humtaja wa kwanza "na wenzake" tangu mwanzo. Orodha yangu ilikuwa nusu huku, nusu kule.

Nikahamia Zotero, programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeo. Nayo hupanga kile ulichoijazia, kiwe sahihi au kimekosewa. Ripoti ya sensa ya 2022 ilitoka "Takwimu, O. ya T. ya", kwa sababu Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichukuliwa kuwa mtu. Bonyeza kitufe kidogo kando ya jina la mwandishi ili visanduku viwili viwe kimoja, kisha andika jina zima la taasisi. Wizara na halmashauri ni vivyo hivyo. Kwa watu ni kinyume: jina la mwisho likae kisanduku chake, upate "Nyerere, J. K." na si "Julius, N. K." Ukiingiza makala moja kwa moja kutoka intaneti, linganisha majina na ukurasa wake wa kwanza, maana hugeuzwa. Ripoti mbili za taasisi moja za mwaka mmoja huwa 2022a na 2022b zenyewe, mradi jina limeandikwa sawa herufi kwa herufi.

Kilichonitesa zaidi ni Kiswahili. Tasnifu ni ya Kiswahili, orodha inatoa vifupisho vya Kiingereza. Nilikesha nikibadilisha ndani ya Word: "Mh." kwa mhariri, "Wah." kwa wahariri, "kur." kwa kurasa, "h.t." kwa hakuna tarehe, na kila "&" kuwa "na". Asubuhi nikaongeza rejeo moja, nikahuisha orodha, yote ikarudi Kiingereza. Orodha ile si maandishi yako bado. Programu huiandika upya kila inapohuishwa, na ulichorekebisha kwa mkono kinafutika. Kwa hiyo maliza kila kitu kwanza, hifadhi faili kwa jina jingine, na katika nakala hiyo bonyeza kitufe cha kutenganisha marejeo na Zotero. Huko hakuna kurudi nyuma, ndiyo maana nakala ya kwanza unaitunza. Hapo badilisha vifupisho. Kwa "tafuta na badilisha" ni kazi ya nusu saa.

Ukurasa unaonukuu ni ule uliochapwa, si ule unaohesabiwa na kisomeo cha PDF. Ripoti za serikali huanza na kurasa za kirumi, kwa hiyo skrini inaweza kusoma 47 na karatasi ikasema 31. Nukuu ikifika maneno 40, itoe alama za nukuu na uisogeze ndani sentimita 1.27. Washiriki wa utafiti wako, kwa mfano wachuuzi uliowahoji Kariakoo, hawaingii kwenye orodha kabisa.

Kabla ya kukabidhi, chapisha orodha peke yake. Mimi nilichapisha steshenari ya Mwenge, haikufika buku mbili. Shika kalamu, fungua tasnifu ukurasa wa mwisho, rudi nyuma hadi wa kwanza ukitia alama kila rejeo unalokutana nalo. Ukisoma kwa kwenda mbele, hoja itakuvuta na macho yataruka mabano. Nilikuta vyanzo 11 katika orodha ambavyo sikuvitaja popote, na vinne nilivyovitaja ambavyo havikuwamo. Vile vinne ndivyo msimamizi alivyozungushia wino mara ya pili.