Faini tuliimaliza, pombe ikabaki

Mume wangu ni dereva wa daladala, njia ya Mbagala. Trafiki walipompuliza kwenye kipima ulevi alikuwa amevuka mbali ukomo wa kisheria. Akapandishwa kizimbani, akapigwa faini, nikakopa kikoba nikalipa. Kuhusu tiba hakuna aliyeuliza. Nasikia Marekani majimbo mengi mahakama humlazimisha dereva wa namna hii apimwe na atibiwe. Huku kazi hiyo iliniangukia mimi.

Mama mkwe akaamua: "Mfungie ndani, ataacha tu." Kesho yake jioni alishindwa kushika kikombe cha chai, kinamgonga meno, shati limelowa chepechepe. Usiku akaanza kufukuza wadudu ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu. Nikaita bajaji.

Hospitalini nesi hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Mama, kanywa mara ya mwisho saa ngapi?" Baadaye nilielewa kwa nini. Ubongo wa mtu anayezimua kila asubuhi umeshazoea kupozwa na pombe. Ukiikata ghafla unalipuka, na degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unaponyimwa pombe uliyoizoea, inaweza kuua. Wakampa diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa taratibu, na sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Majirani walishaniambia nikaombe dawa ya methadoni. Kliniki ya Muhimbili, iliyofunguliwa 2011, inaitoa kwa waathirika wa heroini. Kwa mlevi wa pombe haisaidii kitu. Sisi tulielekezwa kitengo cha afya ya akili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunyooka. Alijibu maswali kumi ya unywaji (unakunywa mara ngapi, umewahi kushindwa kuacha ukishaanza), akapangiwa ushauri nasaha, nami nikaitwa niwepo.

Ugumu ulikuwa kijiweni. Pale hesabu ya bosi ya siku ikitimia, konda huagiza chupa kwanza, hela baadaye. Nilimfuata konda mwenyewe nikamwambia, "Shemeji, posho yake nipe mimi mkononi." Alicheka, lakini alinipa. Bosi naye alitaka dereva wake haraka. Nilimjibu gari halitamuona mpaka daktari aseme. Kwa sasa anaziba pancha kwa fundi wa jirani, na kliniki tunakwenda wote.