Nyama ya kukausha: pima, usikadirie

Mara ya kwanza kukausha nyama mwenyewe nilitia chumvi kwa kiganja, nikaona imeenea vizuri, ikakaa friji siku 10 nikaitundika. Nje ilikauka ikawa ngumu kama gome la mti, ila nilipoikata katikati ilikuwa ya kijivu, inateleza, harufu kali, nikaitupa yote na iliniuma sana. Tangu siku ile hakuna chumvi inayogusa nyama yangu kabla ya kupita kwenye mizani.

Watu wanadhani chumvi ni ya ladha tu. Hapana jamani, chumvi inavuta maji na kuyashikilia yale yanayobaki, bakteria wanakosa ya kutumia. Mi naweka gramu 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya nyama isiyo na mfupa, naipaka kote, naifunga kwenye mfuko nimetoa hewa, inakaa friji chini ya nyuzi 4 na kila siku naigeuza. Uzuri wa kupima ni kwamba hata ukichelewa siku mbili tatu haizidi chumvi, manake hakuna nyingine ya kuingia.

Sasa kuna ile chumvi ya kuhifadhia nyama yenye rangi ya pinki, na siyo ile ya mawe ya mezani, tafadhali usichanganye! Hii imetiwa rangi makusudi ili mtu asiitie kwenye mboga. Ile inayouzwa kama namba moja ina nitriti ya sodiamu asilimia 6.25, iliyobaki ni chumvi ya kawaida, na kipimo chake ni gramu 2.5 tu kwa kilo ya nyama. Kazi yake kubwa ni kumzuia Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu na kustawi pasipo hewa, yaani kule kule ndani ya soseji. Hata jina lake limetoka kwenye botulus, soseji kwa Kilatini, maana mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Justinus Kerner ndo aliichunguza sumu hii kwa watu waliokula soseji mbovu. Mi ile nyama yangu iliharibika ikanuka nikajua, lakini sumu hii unaweza usiione, usiinuse, usiionje, na inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia. Kwa hiyo “nitanusa kwanza” siyo kinga. Na ukizidisha nitriti nayo inadhuru, damu inashindwa kubeba oksijeni, ndo maana nasema kijiko siyo kipimo.

Vipande vyembamba vya kukausha kwa mashine navipasha kwanza mpaka ndani vifike nyuzi 71, kuku 74, ndo viingie, coz bakteria wakishakaushwa taratibu wanakuwa wagumu kufa kwa joto.

Kwenye kutundika nataka hewa ya nyuzi 12 mpaka 15 na unyevu kama asilimia 75. Hewa ikiwa kavu mno nje inajifunga na maji yanabaki ndani, na hilo ndo gome lililoniponza. Ukungu mweupe wa unga nafuta kwa siki, mweusi au wenye manyoya ya kijani naitupa bila kujadiliana.

Iko moja inaning'inia sasa hivi, uzito nimeuandika kwenye karatasi nikaifunga kwenye kamba, ilianza gramu 1,400, jana mizani ilisoma 1,020, ikifika 910, yaani imepungua asilimia 35 ya uzito wake, naishusha.