Leo nimetoa kitu kingine kwenye gari

Leo nimefungua ile valvu inayopiga pshhh ukiachia mguu kwenye mafuta, nimerudisha ya kiwandani, ile inayorudisha hewa ndani kimyakimya bila mtu kujua. Kazi ya dakika 20, bolti mbili, gasketi na klipu za hozi, basi. Niliifunga miaka 4 iliyopita na nakumbuka vizuri nilivyokuwa napita mahali penye watu nakanyaga naachia, nakanyaga naachia, ili mradi wageuke. Daah.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule, au nilikisoma nikakipuuza, ni kwamba gari yangu inapima hewa kwa sensa iliyoko mwanzoni kabisa, karibu na filta. Hewa ikishapita pale kompyuta imeshaihesabu na imeshaiandalia petroli yake. Sasa wewe ukiimwaga hewa nje kwa ajili ya ule mlio, petroli ya kwake bado inakuja, haina hewa ya kuchoma nayo, ndio maana kila nikibadilisha gia injini ilikuwa inajikwaa kidogo na nyuma kanatoka kamoshi keusi. Mi nilidhani ndio ukali wenyewe.

Kwa wasioijua, ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile ya taa za duara ambayo watu wengi wanaicheka sura, wanasema kama imeshtuliwa usingizini. Mi sura yake ndiyo iliyonikamata, kwa sababu mwaka huohuo wa 2001 Richard Burns alichukua ubingwa wa dunia wa rally na gari yenye sura ileile, na kichwa changu kiliganda pale. Injini ni EJ205, lita 2, silinda 4 zimelala mbili kulia mbili kushoto, pistoni zinaenda pembeni kama mabondia. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa, imekaa nyuma upande wa kulia, na intakula, kile kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini kabisa chini ya ule mdomo wa kwenye boneti.

Gari ilikuja haijaguswa. Mtu mwenye akili anaona hiyo ni bahati, mi niliona ni kasoro. Ndani ya mwaka nilikuwa nimefunga ekzosi ya inchi 3, filta ya koni, hiyo valvu ya pshhh, shokapu za kupandisha na kushusha ambazo nilizishusha mpaka nikawa naogopa kila tuta, na geji tatu ambazo mbili sikujua kuzisoma. Nilifunga na hedas za urefu sawa, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda, hizi nikazitoa baada ya wiki mbili tu maana ule mngurumo wa Subaru ulipotea wote, ikawa inalia kama gari nyingine yoyote. Kumbe mngurumo wenyewe unatokana na moshi wa upande wa kushoto kusafiri njia ndefu kuliko wa kulia kufika kwenye turbo, mapigo hayafiki kwa nafasi zinazolingana. Yaani kile tunachokipenda ni bomba tu lisilolingana na mwenzake. Nilicheka sana siku nilipoelewa hilo, halafu nikazirudisha zile za zamani na kutu yake.

Lakini kitu kilichoniponza kilikuwa kidogo kuliko vyote. Kidude cha shaba, kinaenea kwenye kiganja, ndani kina springi na kigololo, juu kina kitasa cha kuzungusha. Kinakaa kwenye kihozi kinachopeleka presha kwenye wastigeti. Wastigeti ndio mlango wa kupunguzia turbo nguvu, na unafunguliwa na presha ileile inayotengenezwa na turbo, sasa ukikizungusha kidude unakuwa unaichelewesha ile presha isifike, mlango unabaki umefungwa, turbo inaendelea kupuliza. Ni uongo tu unaudanganya mlango. Robo mzunguko, geji inapanda. Robo nyingine, inapanda tena. Hakuna kompyuta iliyoguswa, hakuna kilichopimwa, na tabasamu linatoka kila ukikanyaga, si unajua tena.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeitoa hozi ya kuingizia hewa kwenye turbo. Hii hozi imejificha chini ya manifodi, yale mabomba ya kugawia silinda hewa, mkono hauingii vizuri, na ya kwangu ilikuwa ya mpira uliokauka miaka. Kuirudisha ikagoma. Nikachukua bisibisi nikaisukuma, nikasikia ikaingia, nikafunga klipu, nikajipongeza. Kile nilichokisikia kikiingia sasa hivi najua kilikuwa kinachanika.

Hebu fikiria: hewa inaingia kwenye ule mpasuko baada ya sensa, kwa hiyo kompyuta haijaiona. Inatoa petroli ya hewa ndogo wakati ndani imeingia hewa nyingi. Na mimi huku juu nimepandisha busti, yaani presha ya turbo. Halafu gari yenyewe ni ya soko la Japan, ilipangiwa petroli ya okteni (uwezo wa kuvumilia presha bila kujilipukia) karibu na 100 na mi nilikuwa naweka iliyopo. Mchanganyiko mkavu, presha kubwa, petroli dhaifu, hapo mafuta hayasubiri moto wa plagi uyafikie, yanajilipukia yenyewe kwenye pembe za silinda na pistoni inapigwa nyundo. Ukiwa na sikio unasikia kama mchanga unatikiswa kwenye kopo. Mi nilikuwa nimefungulia muziki.

Ilikuwa usiku, mlima mrefu, gia ya nne, geji ya busti inasoma 1.3. Haikupiga mshindo wowote. Ililegea tu, kama mtu aliyekuwa anakuvuta kwa kamba akaiachia kidogo. Nikatazama kioo cha nyuma nikaona moshi, na taa za gari iliyokuwa nyuma yangu zimekuwa na rangi ya bluu.

Kesho yake nikatoa plagi. Aliyewahi kutoa plagi kwenye injini hii anajua, unatoa betri na tangi la maji ya kioo upande mmoja, boksi la filta upande mwingine, halafu unabakia na nafasi ya vidole vitatu kati ya hedi na chasisi, unaunga ekstensheni fupi na kiungo na ekstensheni nyingine na unazungusha kwa kupapasa. Namba 1 ilikuwa sawa. Namba 3 sawa, namba 2 sawa. Namba 4 ilitoka imelowa oili, na nilipoifuta na kuimulika na tochi nikaona kwenye ile kaure nyeupe vidoa vidogo vinang'aa, vidogo kama vumbi, vizuri kabisa kuvitazama. Nikawa navigeuzageuza sijui ni nini. Ilikuwa alumini. Ilikuwa pistoni yangu, imemwagika kwenye plagi.

Kupima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuibana, ilikuwa ni kukamilisha ratiba tu. Tatu zilisoma zaidi ya 140, ya nne ikakomea 60.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee ambaye hapendi maneno. Akasikiliza maelezo yangu yote, marefu, nikamwambia labda injini ilikuwa na tatizo toka zamani, labda aliyekuwa nayo kabla yangu hakuwa anabadilisha oili, akawa anaitikia mh, mh, huku amelaza mkono chini ya manifodi. Akautoa.

"Hii hozi nani aliifunga?"

"Mimi, mzee."

"Haya." Akaenda kunawa.

Sikuelezwa zaidi ya hapo na sikuhitaji.

Akanikubalia tuifungue pamoja kwa sharti kwamba mi ndio nitakuwa nasafisha. Miezi mitatu ya jioni na wikiendi. Kama hujawahi kufungua injini ya aina hii, kuna jambo moja litakuchekesha: bloku ni nusu mbili zimefungwa pamoja, na huwezi kuzitenganisha mpaka pistoni zimeachana na konrodi, zile fimbo zinazoziunga na krenkshafti, na pistoni ziko ndani. Kwa hiyo unaingia kupitia vitundu pembeni mwa bloku, mbele viwili kwa silinda 1 na 2, nyuma kwa 3 na 4 kwenye upande wa flaiwili. Unazungusha krenkshafti polepole mpaka pini ya pistoni ijipange na kitundu, unaingiza koleo jembamba unatoa klipu ya kuzuia pini, halafu unaivuta pini itoke. Tatu zilitoka kwa kuvutwa na bolti ndefu, washa na soketi kuukuu. Ya namba 4 iligoma siku mbili. Pistoni ilivyotoka ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika kipande cha urefu wa kucha, na kile kipande hatukukipata kizima, tulipata makombo. Bado ninayo hiyo pistoni, iko kwenye meza, naweka kalamu.

Silinda ilikuwa imechubuka, bloku ikaenda kuchongwa, tukanunua pistoni za kufuliwa, kama mhunzi anavyofua chuma, ambazo ni ngumu zaidi, beringi mpya, pampu ya oili mpya, na turbo ikaoshwa na kukaguliwa kwa sababu makombo ya pistoni namba 4 njia yake ya kutokea ni kupitia kwenye turbo. Kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakitaki hata chembe.

Siku ya kufunga mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa zamu na pistoni, niliachiwa nifanye mwenyewe. Kwenye gia ya krenkshafti kuna mshale mkubwa, mzuri, unaonekana toka mbali, na kuna kamstari kadogo kwa nyuma ambako usipokatafuta hukaoni. Binadamu yeyote atapanga mshale. Kinachotakiwa ni kamstari. Nilipanga mshale, nikavuta mkanda, kamshafti za kushoto, zile zinazofungua valvu, zimekazwa na springi za valvu kwa hiyo zikaruka TAK nusura zinile kidole, nikazirudisha, nikarudia, nikamwita mzee kwa majivuno. Akatazama, akachukua spana, akaigonga ile alama mara mbili bila kusema kitu. Ningewasha vile valvu zingekutana na pistoni mpya kabla gari haijatoka hata nje. Nikaanza upya.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza sikufurahi, niliogopa. Nilikuwa nasikiliza kila kitu. Kilomita 50 oili ikamwagwa, tukaikamua filta tukaikata kuangalia kama kuna chuma, kilomita 500 tena, elfu moja tena. Baadaye ikaenda kufanyiwa kompyuta na kijana mmoja mwenye laptop, akafunga sensa ya kwenye ekzosi, akawa anaisoma: kwenye busti anataka hewa 11 na kitu kwa petroli 1, akiona inapanda kuelekea 12 na nusu anaachia. Akarudisha taiming ya cheche za plagi nyuma ili iendane na petroli tuliyonayo, na busti akaiweka chini ya ile niliyokuwa nayo mimi kwa kidude changu. Namba ya farasi iliyotoka ni ndogo kuliko niliyokuwa najisifia kwa miaka miwili, na gari inakimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Wajapan wao toka 1989 hadi 2004 walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari yenye zaidi ya farasi 280, na zipo zilizokuwa zinapita hapo kimyakimya. Mi nilikuwa nafanya kinyume chake, natangaza farasi wasiokuwepo.

Toka hapo ndio nimeanza kutoa vitu. Filta ya koni ilikuwa inavuta hewa ya moto ya injini, nimerudisha boksi lake. Shokapu nimezipandisha. Geji mbili nimetoa, nimebakiza ya busti na nimefunga ya presha ya oili ambayo ndiyo ingekuwa ya kwanza. Ekzosi nimeiacha, hiyo siitoi, msiniulize. Kuna rafiki yangu anasema sasa nimezeeka, anasema gari imekuwa ya mwalimu mkuu. Sijui. Jana nilikaa nusu saa nimeinama na maji ya sabuni na kopo la hewa natafuta povu kwenye viungo vya intakula, nikapata moja dogo, nikakaza klipu, likaisha, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipofunga ile valvu.

Kile kidude cha shaba kiko kwenye droo ya dashibodi. Watu watatu wameshaniomba niwauzie.

Asubuhi hii niliiwasha baridi. Hizi pistoni za kufuliwa zinatanuka sana zikipata moto kwa hiyo zimeachiwa nafasi kubwa, zikiwa za baridi zinagonga kuta, tak tak tak tak, mtu asiyejua anadhani injini imenoki. Jirani alitoka nje kuangalia. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku upande wa kushoto, mpini sikioni, nikasubiri. Sindano ya temperecha ilikuwa bado imelala. Ikaanza kupanda, mlio ukawa unapungua, namba 4 ndiyo ya mwisho kunyamaza, kama kawaida yake. Halafu nikaona tone la oili chini, upande wa kulia. Moja tu. Nimelitandikia kipande cha boksi, kesho nitaangalia kama limepata mwenzake.