Jogoo wa Senti 3

Baba mdogo hakuruhusu mtu aguse stempu zake kwa vidole. Alikuwa na koleo dogo, lenzi, na albamu nene aliyoipanga kwa nchi na miaka. Shangazi alipotukuta mezani siku ile, tulikuwa tumefika Marekani, 1948.

Katikati ya ukurasa, jogoo. Ilikuwa stempu ya kahawia iliyotolewa tarehe 9 Septemba huko New Haven, Connecticut, kuadhimisha miaka 100 ya ufugaji wa kuku nchini humo. Bei yake senti 3, nauli ya barua ya kawaida enzi hizo. Wakusanyaji wengi waliicheka, na hadi leo inauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi niliipenda papo hapo. Ukiiweka chini ya lenzi unaona kila unyoya ni mstari uliochongwa kwa mkono wa mtu, na nyuma yake jua linachomoza.

Baba mdogo alikuwa na kero yake. Stempu inasema 1848, ilhali maonyesho ya kwanza ya kuku Marekani yalifanyika Boston mwaka 1849. "Sasa wamehesabu kuanzia wapi?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyeichapa.

Shangazi, mfugaji wa kuku wa mayai, hakujali mwaka. Aliinama akatazama miguu.

"Manyoya mpaka vidoleni. Ni kuku wa aina ya Brahma huyu."

"Ndiye," baba mdogo akajibu kwa furaha.

"Na mayai yake yako wapi?"

"Mayai gani tena, dada?"

"Si wanasherehekea biashara ya kuku? Huyu ametaga lini?"

Nilicheka mpaka lenzi ikaniponyoka. Baba mdogo akajitetea kwamba jogoo anapendeza kuchorwa, ana kifua, ana mkia.

"Mkia ndio unaolipa chakula?"

Nilikuwa upande wa shangazi, na bado nipo. Hata wa nyama hakuwa Brahma tena: mwaka huohuo wa 1948 Wamarekani walifanya fainali ya shindano la "Kuku wa Kesho", wakisaka kuku wa kifua kinene anayekua upesi. Posta ikamchagua mstaafu.

Shangazi akaanza kupekua kurasa, vidole vyake vimejaa pumba, akitafuta tetea. Akapita majenerali, marais na meli. Baba mdogo akamnyang'anya albamu.

"Nenda kanawe kwanza, dada!"