Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi

"Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi." Ukipita Biashara Street, Mombasa, utakuta leso zenye uchungu wa namna hii, na wenye vibanda wanaokopesha wateja hawachoki kuutaja msemo huu. Lakini maudhi mengi huanzia kwenye daftari la madeni, si kwenye roho ya mtu.

Deni huandikwa "Mama Fulani, 200", basi. Halina tarehe ya kulipa. Halafu aibu inafanya kazi yake: mteja anaanza kupita uchochoro wa nyuma, na zile pesa taslimu anazozipata anazipeleka kwa jirani yako. Umekosa pesa, umekosa na mteja. Kama faida ya pakiti ya unga ni shilingi 10, hiyo 200 inataka uuze pakiti 20 ndipo irudi. Pakiti 20 za bure, jamani!

Kikomo cha mkopo kipime kwa faida yako ya siku, si kwa huruma. Andika bidhaa, kiasi na siku ya kulipa mbele ya mteja, asome mwenyewe. Deni la kwanza halijalipwa, la pili hakuna. Mkumbushe kwa ujumbe wa simu siku moja kabla, usimpigie kelele mbele za watu. Akilipa kwa M-Pesa, futa papo hapo, maana kumdai mtu aliyekwisha lipa ndiko kunakozaa ugomvi wa kweli.

Na yule ambaye watoto wamelala njaa? Mpe unga, usimwandike. Hiyo ni sadaka, haina ukurasa daftarini.