Digrii Waliikubali, Miaka ya Kazi Wakaikataa

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba wahamiaji wenye elimu wanahangaika kupata kazi zao huku Kanada, wengi hudhani shida ni vyeti. Kwangu vyeti havikusumbua. Shahada yangu ya uhandisi ujenzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niliituma ikatathminiwe nikiwa bado Tanzania, na majibu yakaja kwamba ni sawa na shahada ya miaka minne ya hapa. Ukurasa mmoja wenye muhuri, mambo yakaisha. Kilichokwama ni kile kilichofuata baada ya kuhitimu, yaani miaka tisa ya barabara.

Acha niieleze miaka hiyo, maana katika usaili mwingi niliofanyiwa huku hakuna aliyetaka kujua ilikuwa na nini ndani yake.

Mitatu ya mwanzo ilikuwa ya mafunzo kwa vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi: unafanya kazi, unajaza daftari, msimamizi anasaini, mpaka usajiliwe. Baada ya hapo nikawa mhandisi wa vifaa vya ujenzi upande wa mhandisi mshauri, yaani anayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi, kwenye miradi ya lami Kanda ya Ziwa, zaidi Simiyu na Shinyanga. Anayeijua mikoa hiyo anaujua udongo wake mweusi wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukitandika lami juu yake bila kuushughulikia, barabara itajikunja na kuchanika baada ya misimu michache. Kuna mahali unauondoa wote na kuleta kifusi kutoka machimbo ya mbali, kuna mahali unaufunika kwa tuta nene, kuna mahali unauchanganya na chokaa. Kuamua wapi lifanyike lipi ilikuwa kazi yangu. Sampuli zinalowekwa siku nne kabla ya kupimwa CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba uzito, na muda ukitimia mkandarasi yuko mlangoni mwa maabara, mitambo yake imesimama, anataka jibu. Tabaka lisilofikia kiwango cha mshindilio nililikataa. Likachimbuliwa, likamwagiwa maji, likashindiliwa upya. Kumwambia msimamizi wa mkandarasi arudie kipande kizima mbele ya vijana wake, ukiwa mwanamke ambaye hujafika miaka thelathini, kunataka uwe na uhakika na namba zako. Mimi nilikuwa nao.

Sasa sikilizeni hili. Kanada yenyewe iliithamini miaka hiyo. Katika mpango wa serikali kuu wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji anatakiwa afikishe alama 67 kati ya 100, na uzoefu wa kazi peke yake umetengewa alama 15. Mwenye miaka sita au zaidi anazipata zote. Kwa hiyo kuna afisa uhamiaji aliyekaa, akaisoma kazi yangu ya Maswa na Bariadi, akaona inastahili alama kamili, nami nikapewa ukaazi kwa sababu yake, pamoja na umri, lugha na shahada. Nikashuka uwanja wa ndege Toronto nikiamini kwamba kama nchi imeihesabu, waajiri wa nchi hiyo nao wataihesabu.

Swali nililokutana nalo lilikuwa lilelile kila nilipopigiwa simu: una uzoefu wa kazi wa Kanada? Nikisema bado, mazungumzo yanafupika. Sauti inabaki ya heshima, watu wa huku ni wapole, lakini unasikia kabisa kwamba jina lako limeshawekwa pembeni.

Usaili mmoja ulinikaa moyoni. Mzee aliyenihoji alikuwa mhandisi wa barabara wa muda mrefu, akaniuliza kule kwetu tulikuwa tunatumia viwango gani. Nikamjibu: mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999, na vipimo vya BS, viwango vya Uingereza, na vya AASHTO. Akanyanyua macho. "AASHTO ya Marekani?" Ndiyo, hiyohiyo, jumuiya ya idara za barabara za majimbo yao inayotoa viwango. Ontario, jimbo ambalo Toronto imo, nayo kwa miaka mingi imesanifu barabara zake kwa mwongozo wa AASHTO wa mwaka 1993, kwa hiyo tulikuwa tunazungumza kitu kimoja. Tukaongea vizuri kuhusu mshindilio na unyevu, hata nikachora kwenye karatasi. Baada ya muda ikaja barua pepe kwamba wameamua kuendelea na mtu mwenye uzoefu wa hapa.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kasoro ni Kiingereza changu, mpaka nilipousoma utafiti wa mchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto, uliochapishwa mwaka 2011. Alituma CV za kubuni zipatazo 13,000 kwa waajiri wa Toronto, akibadilisha kitu kimoja kimoja: jina, mahali mtu aliposoma, mahali alipofanya kazi. Wenye uzoefu wa nje na wenye majina ya Kihindi, Kipakistani na Kichina waliitwa mara chache zaidi. Waajiri walipoulizwa walitaja wasiwasi wa lugha. Lakini CV iliyoonyesha kwamba mwombaji anaimudu lugha, au kwamba amefanya kazi kwenye kampuni kubwa ya kimataifa, haikupata nafuu yoyote. Siku ile niliacha kujilaumu. Na naomba yeyote anayepitia haya sasa naye aache.

Kodi ya nyumba haisubiri. Nilifanya kazi za usiku kwenye ghala huko Mississauga, mji jirani na Toronto, kufunga vifurushi, pamoja na mfamasia wa Kifilipino na mwalimu wa fizikia kutoka Bukavu, Kongo, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa Kiswahili chake na changu. Sitaeleza mengi kuhusu ghala. Ni kazi halali, inachosha, na wengi wetu tulipitia.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa chini: fundi wa upimaji kwenye kampuni ya maabara, wakati wa kiangazi, msimu ambao ujenzi huku hupamba moto na watu hawatoshi. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa Troxler, ile mashine ya manjano ya kupima mshindilio kwa mionzi, ileile niliyoibeba kwenye pikapu kule Simiyu. Koni ya kupima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, ni ileile. Tofauti ni kwamba kwetu tulikuwa tukimwaga zege kwenye kalibu za mchemraba za milimita 150, na huku wanamwaga kwenye silinda. Kujifunza kujaza silinda kulichukua asubuhi moja.

Niwatendee haki, kuna mambo ambayo kweli sikuyajua. Zege la nje huku lazima liwe na vipovu vidogo vya hewa vilivyowekwa kwa makusudi, la sivyo maji yakiganda ndani yake linabanduka, na hewa hiyo hupimwa kabla zege halijamwagwa. Kwetu sikuwahi kupima hewa kwenye zege. Misingi hushushwa kama mita 1.2 ili ikwepe ardhi inayoganda. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi inakula nondo. Lami inachaguliwa kwa kuangalia baridi kali kama tunavyoangalia joto. Haya ni mambo ya maana, na mhandisi asiyeyajua anaweza kuharibu kazi. Lakini yanafundishika. Na mtu aliyepambana na udongo unaovimba kwa maji haoni maajabu akiambiwa kuna udongo unaovimba kwa barafu: utaangalia maji yanatoka wapi, utaangalia chembechembe za udongo, utaamua uondoe au ufunike. Kwa msimu mmoja nilikuwa nimeyashika. Ndiyo maana nasema dai la uzoefu wa Kanada lingekuwa la haki kama lingetaja kitu. Wangesema, tunataka mtu anayejua kupima hewa kwenye zege. Hapo ningekwenda kujifunza nirudi. Wao husema tu Kanada.

Msimamizi wangu alikuwa kijana aliyehitimu juzijuzi, mwenye adabu, hakuona vibaya kuuliza. Siku tabaka lilipogoma kushindilika, mtambo ukipita mara kwa mara bila mafanikio, nilimwambia udongo umezidi maji, wasimamishe kazi ukauke, wasipoteze dizeli. Wakafanya hivyo, likashika. Mwisho wa msimu akaniandikia barua ya nusu ukurasa. Barua hiyo ya msimu mmoja, iliyosainiwa na kijana aliyekuwa na uzoefu mdogo kuliko wangu, ikawa na uzito kuliko miaka tisa. Simu zikaanza kuita. Namshukuru sana kijana yule, na bado naumia kila nikilifikiria hilo.

Leseni ya uhandisi ilikuwa mkasa mwingine. Ontario ilidai miezi 48 ya uzoefu wa uhandisi, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya Kanada chini ya mhandisi mwenye leseni. Sasa hiyo kazi ya uhandisi unaipataje wakati mwajiri anataka leseni kwanza? Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo ilikuwa imeshatamka tangu mwaka 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba kazi haiwezekani bila huo. Tamko halikubadilisha mengi. Kilichobadilisha ni sheria ya mwaka 2021, iliyozikataza bodi za taaluma nyingi kudai hivyo. Bodi ya wahandisi ikaiondoa ile miezi 12 mnamo Mei 2023. Nilikuwa jikoni nilipoisoma habari hiyo, nikapiga vigelegele peke yangu.

Miezi 48 ilibaki, ila sasa ingeweza kutoka Simiyu. Utaratibu mpya unakutaka ueleze umahiri wako kipengele kwa kipengele, vipengele 34, kila kimoja kwa tukio halisi: tatizo lilikuwa nini, uliamua nini, kikatokea nini. Na kila tukio liwe na mtu wa kulithibitisha. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Kampuni moja ya ushauri niliyoifanyia kazi ilikuwa imefungwa. Mkandarasi alikuwa amerudi kwao China. Barua zangu za utumishi zilisema mimi ni mwaminifu na mchapakazi, basi.

Nikampigia mhandisi mkazi wangu wa zamani, yule aliyekuwa akitusimamia pale pale kwenye mradi, aliyestaafu na kuishi Mwanza.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, binti yangu. Bado unapima udongo huko kwenye barafu?"

"Bado. Nahitaji unishuhudie."

Macho yake yamechoka, kompyuta haisomi vizuri. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, ndiye aliyefungua fomu, akamsomea kipengele kimoja kimoja jioni baada ya shule, mzee anajibu, kijana anaandika. Ilichukua wiki kadhaa na vifurushi kadhaa vya intaneti ambavyo mzee alikataa nimlipe. Alikumbuka kipande cha karibu na daraja nilichokikataa, alikumbuka mkandarasi alivyopiga simu Dar kunishtaki, akaandika kwamba namba zangu zilikuwa sahihi na kwamba barabara ile mpaka leo haijachanika. Nilipokuja kuyasoma maneno hayo nililia.

Leseni nimeipata, na leo nafanya kazi ya mhandisi wa vifaa. Lakini jambo halijaisha. Nilipoajiriwa, mshahara ulipangwa kama wa mtu mwenye miaka miwili ya uzoefu. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba wanahesabu kuanzia nilipoanza kazi hapa. Bodi inaitambua miaka yangu, idara ya rasilimali watu haiitambui, na sijaona sheria inayotaja jambo hilo waziwazi. Tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri wa Ontario mwenye watu 25 au zaidi haruhusiwi kuandika kwenye tangazo la kazi kwamba anataka uzoefu wa Kanada. Nalifurahia hilo kwa dhati. Ila kutoandika si kutouliza, na tangazo si mshahara. Tunahitaji waajiri watoe maelezo ya jinsi wanavyohesabu miaka, kwa maandishi, mtu aweze kuyapinga.

Na mimi ni mwenye bahati. Jirani yangu, dada wa Kisumu aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, huku anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwalisha, wakati kila siku tunasikia hospitali hazina wauguzi.

Wadogo zangu mnaofikiria kuja, au ambao hamna mpango wowote wa kuondoka ila mko kwenye mradi sasa hivi: barua ya mwajiri inayosema wewe ni mchapakazi haitawasaidia. Ombeni inayotaja jina la mradi, urefu wa barabara, kazi uliyoifanya kwa mkono wako, maamuzi uliyoyatoa, vipimo na viwango mlivyotumia, nani alikusimamia na namba yake ya usajili. Nakili ripoti zilizo na saini yako, zile unazoruhusiwa. Chukua barua pepe binafsi ya msimamizi, kwa sababu ile ya kampuni itakufa na kampuni. Na yafanye hayo kabla mkandarasi hajakabidhi barabara; baada ya makabidhiano ofisi ya mhandisi mshauri hufungwa, mafaili hupelekwa stoo, na watu waliokuona ukifanya kazi hutawanyika kila mmoja na mkoa wake.